Chini ya Chuma cha Mzogole

Mwenyezi Mungu huzizungusha siku baina ya waja Wake, wengine akawaletea mafuriko na wengine ukame, na katika nyanda za kati za nchi yetu watu walijifunza tangu kale kuzitambua zama kwa mambo hayo mawili. Mzee wa Mzogole akitaka kukueleza umri wa mwanawe hatakutajia mwaka; atasema alizaliwa katika njaa fulani, au masika yalipokataa, au nzige walipoula uwele ungali na maziwa. Tangu daraja lilipoanguka, wakazi wa kijiji hicho kidogo cha reli walipata alama nyingine ya kupimia nyakati: yupo aliyezaliwa kabla ya daraja, na yupo aliyezaliwa baada ya daraja. Mwamvua binti Khamisi alikuwa mwanamke pekee kijijini ambaye maisha yake hayakugawanyika hivyo. Kwake yeye asubuhi ya daraja ilikuwa haijaisha, akaishi ndani yake miaka ishirini na saba, akipika, akiuza, akilea na kuzeeka.

Alizaliwa katika milima ya Kondoa, katika ukoo wa wakulima na wachuuzi, watu wa jembe na wa sala. Akaposwa na Hassani, kijana wa milima hiyo hiyo aliyekuwa ameajiriwa kwenye genge la reli, yaani kile kikundi cha wafanyakazi wanaokaza misumari, kubadili mataruma yanayolaliwa na reli na kufyeka majani kandokando ya njia. Akashuka naye tambarare, kwenye nyumba ya chumba kimoja iliyotazama stesheni, mahali ambapo watu walisalimiana kwa lugha asiyoijua na ambapo upepo wa kiangazi ulimwaga vumbi hata ndani ya sufuria iliyofunikwa. Aliizoea. Akajifunza kuitikia mbukwa, salamu za Wagogo, akajifunza kupika mlenda, na garimoshi la abiria liliposimama akajifunza kukimbia sambamba na mabehewa akiwa na ungo wa mayai ya kuchemsha, karanga na vipande vya kuku wa kukaanga, akiuinua kwa kila dirisha.

Mwaka wa pili wa ndoa yao taruma la chuma lilimponyoka mwenziwe Hassani likamwangukia yeye kwenye muundi wa mguu wa kushoto. Mganga wa mifupa alimfunga vijiti, na kila jioni Mwamvua alimkanda kwa mafuta ya kondoo, kutoka goti hadi kifundo, mpaka mfupa ukaunga. Uliunga, lakini haukuunga sawasawa. Katikati ya muundi palibaki uvimbe mgumu, mkubwa kama yai la njiwa, na chini yake mguu ukapinda kidogo kwa nje. Wenziwe wa genge, ambao hawakuacha msiba wa mtu upite bila kuupa jina, wakamwita Hassani Fundo. Mwenyewe aliitikia, tena kwa furaha. Kwa kuwa hakuweza tena kubeba mataruma, mnyapara alimpa kazi ya kulinda daraja majira ya mvua.

Korongo la Mzogole halina maji sehemu kubwa ya mwaka. Ni njia pana ya mchanga mweupe, na ng'ombe huivuka bila kulowesha kwato. Ila masika yakifika, maji huja kwa ghafla kutokana na mvua iliyonyesha kwa watu wengine, huko kwenye vilima vya mbali, wakati Mzogole kwenyewe jua linawaka. Kwa sababu hiyo mlinzi wa daraja hakutegemea wingu. Ilimpasa kwenda kuyatazama maji kwa macho yake, akiwa na taa ya mkono yenye kioo chekundu na fataki za kutegwa juu ya reli. Garimoshi likizikanyaga, fataki hulia kwa kishindo, na dereva akajua kwamba mbele kuna hatari.

Mwaka wa tatu baada ya uhuru, siku moja ya masika, Hassani alisali alfajiri, akanywa uji nusu bakuli, akamwambia mkewe aufunike uliobaki, akatoka. Amina, mtoto wao wa pekee, alikuwa bado ananyonya. Haukupita muda Mwamvua akasikia garimoshi likitoka upande wa mashariki, kisha akasikia mlio ambao hakuwa na jina la kuupa. Daraja lilikuwa limekatika katikati, na kichwa cha garimoshi pamoja na mabehewa mawili yalikuwa ndani ya maji.

Siku zilizofuata walitolewa wengi kwenye mchanga, wengine mbali sana bondeni. Batholomeo, Mgogo wa hapo hapo aliyekuwa akirudi likizo kutoka mashamba ya mkonge ya Morogoro, alikutwa ameng'ang'ania mti wa mgunga, akiwa amekwisha kufa, mahali ambapo angeweza kuliona paa la nyumba yake. Mkewe Evelina alimzika kwa nyimbo za kanisani. Hassani hakuonekana, wala taa yake, wala kiatu. Uchunguzi ulifanyika, ukasema kwamba ni nguvu za maji. Lakini watu walionusurika hawakuafikiana juu ya jambo moja: wengine waliapa kwamba kabla ya daraja walisikia kishindo cha fataki, na wengine wakasema kilikuwa radi, kwani huko juu mvua ilikuwa ikinguruma. Kwa ukoo wa marehemu jambo hilo si dogo. Kama fataki zililia, mlinzi alifanya kazi yake na dereva hakuwahi kusimama. Kama hazikulia, mlinzi alikuwa wapi?

Mwezi haukupita, likazuka jibu la mtaani. Mchuuzi mmoja aliyeshuka kutoka bara alisema ameona sokoni Tabora mtu anayechechemea, anauza asali, na alipomtazama alijifunika uso. Hakuna aliyemuuliza mchuuzi huyo kama alimfahamu Hassani. Neno liliota mizizi, likawa mti.

Reli haikuweza kungoja. Daraja jipya lilijengwa hatua chache upande wa juu, na vyuma vya lile la kale vikaondolewa, isipokuwa boriti moja kubwa iliyozama kwenye mchanga ikakataa kunyanyuliwa. Sehemu yake ya juu ilibaki nje, nyekundu kwa kutu, imelala mshazari kama mgongo wa mnyama aliyepiga magoti. Watu wakaiita Chuma. Kila mwaka baada ya mavuno, korongo likikauka, waliofiwa walikutana hapo. Waislamu walisoma Yasini na kuomba dua, Waanglikana waliimba na kusali, na baada ya hapo wote walikula pamoja ugali wa uwele na nyama ya mbuzi, kwani mchanga uliwala watu wao bila kuuliza dini. Aliyelifagia eneo hilo na kuchimba kisima cha mchangani kando ya Chuma alikuwa Mwamvua. Maji yalijikusanya hapo kuliko mahali pengine, na ilikuwa desturi kwamba mwenye kuchota awaombee walio chini kabla ya kujitwisha ndoo.

Hapana budi kulieleza jambo moja, maana ndilo lililomtofautisha na wafiwa wengine. Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mumewe hukaa eda, miezi minne na siku kumi, ameacha mapambo na haposwi. Mwamvua hakukaa. Mwalimu Abbasi, mdogo wake Hassani, ambaye tangu ujana alikuwa amejitia katika vitabu vya fikihi huko Kondoa, alimjia mwaka ule wa kwanza akamweleza hukumu za mke ambaye mumewe ametoweka, na kwamba dalili za kifo zilikuwa nzito. Wazee wa ukoo wakaongeza la kwao, kwamba baada ya eda Abbasi mwenyewe angemrithi, mtoto asipotee. Mwamvua aliwasikiliza kwa adabu, kisha akawajibu kwamba mtu hurithiwa mumewe akifa, na yeye hajaletewa mumewe. Wakarudi Kondoa. Tangu siku hiyo hakulitamka neno marehemu mbele ya jina la Hassani, na waliomposa baadaye aliwarudisha kwa maneno hayo hayo: mume anaye.

Kijiji kilidhani anakilinda Chuma kwa mapenzi, na kweli mapenzi yalikuwapo. Lakini moyoni mwake palikuwa na kitu kingine. Chuma kikiwa mahali pake, Hassani alikuwa chini yake. Hivyo ndivyo alivyomlea Amina, akimwonyesha kwa kidole. Siku kitakaponyanyuliwa, pengine chini yake patakuwa na mchanga mtupu, na hapo mtu wa Tabora atakuwa amepata mwili. Hakuogopa kumfukua mumewe. Aliogopa kumkosa.

Evelina alikuwa jirani yake, nyumba kwa nyumba, na hawakuwahi kugombana wala kupatana. Walipokezana moto, waliuguziana watoto, na kila kiangazi walikutana kisimani. Siku moja Evelina alionja maji kwa kata, akatema kidogo, akasema, "Mama Amina, maji ya leo ni matamu. Utadhani yametiwa asali ya Tabora."

"Kunywa taratibu, Mama Lea," Mwamvua akamjibu, akiendelea kuchota. "Usije ukapaliwa na maneno."

Wanawake wengine walicheka, wakajitwisha ndoo. Hivyo ndivyo yalivyokwenda, mwaka kwa mwaka, hata zikafika zama za kufunguliwa biashara.

Zama hizo zilifika Mzogole kwa sura nyingi. Mitumba ilianza kuuzwa kwenye ukingo wa stesheni, na sabuni zikawa za rangi tatu. Wafanyakazi wa genge walipunguzwa mpaka wakabaki wachache, na kazi walizokuwa wakizifanya zikaanza kupewa watu binafsi. Ndivyo alivyokuja Zaidi, mfanyabiashara wa vyuma chakavu kutoka Chang'ombe mjini Dodoma, kijana mnene mwenye sauti ya upole, akiwa na lori, winchi, mitungi ya gesi na kibali cha kukiondoa Chuma. Mwenyekiti wa kijiji alikisoma kibali mara mbili, akasema ni halali, lakini akaongeza kwamba chuma hicho kina mwenyewe, akamwelekeza kwa Mwamvua.

Zaidi alimkuta akichambua karanga. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe mla vyuma?"

"Ndiye mimi, mama. Ila meno sina, natumia gesi."

Mwamvua alimpa kigoda, akampa na karanga. Zaidi alimweleza bila kuzunguka. Wakaguzi wa reli walikuwa wameona kwamba kila masika mchanga hujilundika nyuma ya Chuma, na kwa sababu hiyo maji hugeuka yakaipiga nguzo ya daraja jipya upande wa kaskazini. Ukingo ulikuwa umeanza kuliwa. Si mwaka huu, pengine si mwaka ujao, lakini likiachwa hivyo, korongo lingerudia lilivyofanya. Mwamvua alimwuliza kama haiwezekani kuukata mchanga na kukiacha Chuma. Zaidi akasema mchanga ukikatwa leo hurudi kesho, mwenye kuuita ni Chuma. Mwamvua akamwambia kwamba amesikia, na kwamba jibu lake ni hapana.

Ukaitishwa mkutano. Vijana walitaka kiondoke, wazee wengi walisita, na kila aliyesimama alimtazama Mwamvua kabla ya kusema. Waliofiwa walikumbushana kwamba hilo ni kaburi, na kaburi halikatwi kwa moto. Zaidi hakubishana, alisema yeye pia ni mtoto wa Kiislamu, hawezi kukanyaga kaburi kwa nguvu ya karatasi, na kwamba atangoja siku chache kwa sababu gari lake nalo lilihitaji matengenezo. Mkutano ukatawanyika bila neno la mwisho.

Jioni hiyo Evelina alikuja jikoni kwa Mwamvua kuomba kaa la moto. Alilipata, akalishika kwenye kigae, asiondoke.

"Mama Amina, mimi wangu nilimzika," alisema. "Namjua alipo. Pale Chumani nakuja kwa ajili ya wengine. Wewe unalinda nini?"

"Namlinda mume wangu."

"Kama yupo, kwa nini unaogopa wasimtoe jua likamwona?"

Mwamvua alichochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa.

"Miaka yote nimekuchoma kwa Tabora," Evelina akaendelea, "nikingoja siku moja uniambie nyamaza, mume wangu amekufa. Hukuniambia. Nikajua na wewe hujui."

"Kaa lako linazimika, Mama Lea."

"Linazimika," Evelina akakubali, akaenda zake.

Mwamvua alilala na maneno hayo. Asubuhi ilikuwa siku ya garimoshi la abiria, na Amina, aliyekuwa ameolewa Dodoma mjini, alikuwa amempelekea salamu kwamba atapita na wanawe kwenda kwa wakwe zake Tabora, asishuke. Mwamvua hakubeba ungo siku hiyo. Alikwenda hadi kwenye korongo, akasimama karibu na ile nguzo ya kaskazini, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kusimama, kwani macho yake siku zote yalikuwa upande wa Chuma. Aliona jinsi ukingo ulivyomegwa na jinsi mawe ya msingi yalivyobaki wazi kama ufizi wa mzee. Garimoshi lilikuja, likapunguza mwendo, likapanda daraja. Amina alikuwa dirishani akipunga kitambaa, na vichwa viwili vidogo vilikuwa chini ya kwapa lake. Yalipita mabehewa yote juu ya nguzo ile, moja baada ya jingine, na chini yake kokoto zilikuwa zikidondoka.

Aliondoka hapo moja kwa moja hadi kwa Zaidi, aliyekuwa amelala chini ya lori lake na spana mkononi.

"Kateni," alimwambia. "Ila mkifika chini kabisa, mchimbe kwa mikono, nami nitakuwapo. Na mnisubiri mpaka shemeji yangu afike."

Zaidi alitoka chini ya lori, akajifuta mikono kwanza, ndipo akaitikia, "Sawa, mama. Kwa mikono."

Mwalimu Abbasi aliitwa. Basi lilimharibikia njiani, Chemba, akashinda hapo na kulala, akafika Mzogole akiwa na vumbi hata kwenye kope, sasa akiwa mzee wa ndevu nyeupe, naye alikuwa amebeba mfuko wenye kitabu, kafuri na kipande cha sanda. Mwamvua aliuona mfuko, akampa maji ya kunawa.

Kazi iliendelea siku kadhaa. Moto wa gesi ulikikata Chuma mapande, winchi ikayaburuta, na wanakijiji wakawa wanakuja asubuhi na kuondoka jua likiwa kali. Pande la mwisho, lililokuwa limezama kuliko yote, lilipong'olewa, maji yalijaa shimoni mara moja, wakayateka kwa ndoo, wakaanza kuukwangua mchanga kwa viganja na sahani. Mwamvua alikaa kwenye ukingo wa shimo, kanga imefunika mdomo. Palitoka kipande cha mbao ya behewa. Pakatoka kitasa. Kisha Zaidi, aliyekuwa ameingia shimoni yeye mwenyewe, alinyanyua mkono kuwazuia wenziwe, akasema kwa sauti ndogo kwamba hapa pana mtu.

Ilikuwa mifupa ya mtu mmoja, si yote, imebanwa upande mmoja mahali boriti ilipokuwa imelalia. Hakuna taa, hakuna nguo, hakuna kitu cha kumtambulisha. Watu walitazamana, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba wapo wengine wasioonekana, abiria wa mbali ambao hawakuwa na wa kuwauliza. Mwalimu Abbasi alinyoosha nguo nyeupe juu ya mchanga, mifupa ikawekwa hapo kwa utaratibu. Kisha akamgeukia Mwamvua.

"Shemeji, sikulazimishi. Kama humjui, tutamsalia kama Mwislamu asiyejulikana, na Mungu anamjua."

Mwamvua alishuka. Alipiga magoti mbele ya nguo ile, akaitazama mifupa, na macho yake hayakumwambia kitu. Akanyoosha mkono wa kulia. Aliuchukua mfupa wa mguu wa kushoto, akaupitisha kiganjani kutoka goti kwenda chini, polepole, kama alivyokuwa akifanya jioni zile za mafuta ya kondoo. Mkono ukafika katikati, ukasimama. Chini ya kidole gumba palikuwa na uvimbe mgumu, mkubwa kama yai la njiwa, na chini yake mfupa ulipinda kidogo kwa nje.

Hakulia. Alisema, "Huyu ni Hassani," na aliposema hivyo mkono wake ulikuwa bado umeshika.

Mwalimu Abbasi aliwasogezea mfupa Zaidi na mwenyekiti, nao wakapapasa, ili asibaki na ushahidi wa mtu mmoja. Wazee wawili waliowahi kufanya kazi kwenye genge wakapapasa pia, wakatikisa vichwa kwa kukubali, na mmoja akasema, "Fundo," akageukia pembeni. Mwalimu akaeleza kwamba mke ana haki ya kumwosha mumewe, na haki hiyo haiondolewi na miaka. Akaeleza pia kwamba aliyekufa kwa gharika ana daraja ya shahidi huko akhera, na aliyekufa kwa kuangukiwa na jengo vilevile, na huyu ndugu yetu alipata yote mawili kwa asubuhi moja.

Pazia la kanga likafungwa kwenye miti minne. Majani ya mkunazi yakapondwa. Aliyeleta maji alikuwa Evelina. Aliyachota palepale shimoni yalipotulia, akayaleta kwa mtungi, akautua nje ya pazia.

"Basi alikuwa hapa," alisema kutoka nje.

"Alikuwa hapa," Mwamvua akamjibu kutoka ndani.

"Fataki zake sijui."

"Hata mimi sijui, Mama Lea."

"Haya," Evelina akasema. "Maji yanatosha?"

"Lete mtungi mmoja tena."

Akaleta. Habari ya Tabora haikutajwa tena kisimani, si na Evelina wala na mwingine. Lakini kama kishindo cha asubuhi ile kilikuwa fataki au radi, Mzogole hawajui mpaka leo, na mwenye kujua ni Yeye asiyepitwa na sauti.

Baada ya mifupa kuvishwa sanda, Mwamvua alimwita shemeji yake kando. Alikuwa amekwisha kuondoa shanga shingoni, akazifunga kwenye ncha ya kanga.

"Eda yangu naianza leo, au kesho baada ya maziko?"

Swali hilo Mwalimu Abbasi alikuwa amelifikiria Chemba, usiku wa basi lililoharibika. "Eda yako ilianza asubuhi ile ile, shemeji," alisema. "Huhesabiwa tangu mume alipofariki, si tangu habari ilipofika. Ilikwisha mwaka ule ule, watu wakiwa bado wanapura uwele."

"Nami sikuikaa."

"Ilipita nawe humo ndani yake."

Mwamvua alizitazama shanga zilizofungwa kangani. "Kwa hiyo nilikuwa huru miaka yote hii. Nimengoja bure?"

"Subira haiendi bure mbele ya Mungu. Ila sheria haikukudai."

Alifikiri, kisha kitu kama tabasamu kikapita. "Kumbe ungenioa."

"Nilikuposa, ukanifukuza."

"Ulikuwa mwembamba mno, mwalimu. Ungenioa, ungevunjika."

Mwalimu Abbasi alicheka mpaka akashika ndevu, akafuta macho yake, na haikujulikana ni kwa kicheko au kwa nduguye. Mwamvua akazifungua shanga, akazivaa.

Hassani alizikwa alasiri katika makaburi ya Waislamu nyuma ya stesheni, uso wake umeelekezwa kaskazini iliko Kibla. Zaidi alisimama safu ya kwanza. Wagogo wa kanisani walisimama nyuma, vichwa vimeinama, na baada ya dua waliimba ubeti mmoja wakielekea majumbani. Siku ya tatu lori liliondoka na Chuma.

Haifai kuficha kwamba kiliondoka na kitu kingine pia. Kiangazi kilichofuata maji ya kisima yalishuka, kwani boriti ile ndiyo iliyokuwa ikiyazuia chini ya mchanga, na wanawake walilazimika kuchimba kina cha mtu mzima kabla ya kuona unyevu. Wapo walionung'unika kwamba Mama Amina alikitoa Chuma akapata maiti yake, wao wakapata kiu. Mwamvua aliyasikia, akachukua jembe akachimba pamoja nao. Masika yalipokuja, korongo lilijaa ukingo kwa ukingo, na maji yakapita katikati ya daraja bila kuigusa nguzo ya kaskazini. Siku ya makumbusho waliendelea kukutana palepale, ingawa hapakuwa na kitu cha kutazama isipokuwa mchanga, na mwenye kuchota aliendelea kuomba kabla ya kujitwisha.

Na stesheni Mwamvua alirudi na ungo wake. Abiria mmoja, bibi wa makamo aliyenunua mayai kila mwaka akienda na kurudi, alimwuliza kama kawaida juu ya watu wa nyumbani: binti hajambo, wajukuu hawajambo, na bwana wako je?

Mwamvua alimhesabia mayai mkononi, akamwongeza moja. "Marehemu Hassani?" alisema. "Yuko nyuma ya stesheni hapo. Tulimzika wenyewe."

Firimbi ikalia, garimoshi likasogea kuelekea darajani.

Ewe Mola, uliyemhifadhi Hassani chini ya mchanga mpaka mkono uliomkanda ukamtambua, mpanulie kaburi lake na ulitie nuru. Mjalie Mwamvua afya katika umri uliombakizia na mwisho mwema utakapomwita, na subira yake uiweke mahali pasipopotea kitu. Mlinde binti yao na wajukuu wao katika kila safari na kila kivuko. Mrehemu Mwalimu Abbasi na wazazi waliomzaa yeye na nduguye. Na ukoo huo wa milimani, walio hai na waliotangulia, uwakutanishe kwenye neema Yako, mahali ambapo maji hupita chini ya miguu yao kwa amani.